Kweli au si kweli: opera haimjui mkimbizi

"Opera ni muziki wa mabwanyenye wa Ulaya, mtu wa Kasulu au Kibondo haumhusu."

Si kweli. Mwaka 1950 Gian Carlo Menotti, Mwitaliano aliyehamia Marekani, alitoa opera yake The Consul. Ndani yake, mume wa Magda Sorel amevuka mpaka akiwakimbia polisi wa siri. Magda anakwenda ubalozi mdogo kuomba viza. Katibu anataka picha, vyeti, sahihi. Akivileta, kuna karatasi nyingine imepungua. Kesho anarudi, na kwenye benchi anawakuta walewale wa jana. Nyumbani mtoto anakufa, mama mkwe anakufa, viza bado. Balozi mdogo mwenyewe haonekani hata mara moja. Mlango wake unapofunguka hatimaye, anayetoka ni ofisa wa polisi walewale.

Aliyepanga foleni ya usajili katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Nduta, karatasi zake kazifunga kwenye mfuko wa nailoni zisilowe, hahitaji kufafanuliwa kisa hiki.

"Menotti mwenyewe alikuwa mkimbizi."

Si kweli. Alizaliwa Italia mwaka 1911, akaenda Philadelphia mwaka 1928 kusomea muziki katika Curtis Institute. Hakufukuzwa na vita. Nalisisitiza hili kwa sababu huku mpakani watu huyachanganya maneno mhamiaji na mkimbizi, na mchanganyo huo unaweza kumnyima mtu hifadhi anayostahili.

"Asiyechukua uraia hana la kuichangia nchi ya ugenini."

Si kweli. Menotti alibaki raia wa Italia mpaka alipofariki mwaka 2007. Hata hivyo The Consul ilimpatia Tuzo ya Pulitzer, na mwaka 1951 Wamarekani walitazama Amahl and the Night Visitors, opera yao ya kwanza kutungwa mahususi kwa televisheni.

"Ukanda wetu hauna sanaa inayokaribia opera."

Si kweli kabisa. Ngoma za kifalme za Burundi, zilizoingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, hubeba mdundo, uchezaji, nyimbo na tenzi za mashujaa kwa pamoja. Kwa Kirundi, ingoma ni ngoma na ni ufalme pia. Wapigaji waliokimbia walivuka na ujuzi huo hadi kambini. Ngoma iitwayo inkiranya hukaa katikati, nyingine zikiizunguka nusu duara. Mpigaji wake akibadili mdundo, baadhi humfuata, wengine wakiendeleza mdundo usiokatika.