Homoni Zinavyousaidia Mti wa Matunda Kuhimili Kiangazi na Mafuriko

Mti wa matunda hauwezi kukimbia jua, wala kuhama shamba likijaa maji. Unachotegemea ni homoni: kemikali unazojitengenezea kwa kiasi kidogo mno, ambazo huamua kipi kikue, kipi kisubiri na kipi kidondoke.

Bukura, katika kaunti ya Kakamega, penye chuo cha kilimo cha miaka mingi, miti hupitia majaribu yote mawili. Desemba hadi Februari udongo hukauka. Kuanzia Machi mvua ndefu hulowesha mashamba, na mabondeni maji hutuama.

Udongo ukikauka, homoni iitwayo asidi ya absisiki huongezeka katika mizizi na majani. Asidi hiyo hufunga stomata, yaani vitundu vidogo vya majani, ili maji yasipotee hewani. Lakini kabonidayoksaidi ya kutengenezea chakula nayo huingilia hapo hapo. Kwa hiyo mparachichi uliofunga stomata kwa muda mrefu hupungukiwa na chakula, na matunda yake hudumaa.

Maji yakituama, shida ni nyingine. Mizizi hukosa oksijeni na kutengeneza kemikali ambayo hupanda hadi majanini, ikageuka kuwa homoni ya ethilini. Majani huinama, huwa ya manjano, kisha hupukutika. Mparachichi huumia upesi kwa kuwa mizizi yake mingi iko juujuu, na vimelea vya Phytophthora vinavyoiozesha hustawi penye maji mengi.

Matunda machanga nayo huanguka kwa mpango. Tunda linalokua vizuri hutoa auksini, homoni inayokishikilia kikonyo. Mti ukitaabika, auksini hupungua na ethilini hulegeza seli za kikonyo. Mti huacha matunda usiyoweza kuyalisha ili yaliyobaki yakomae.

Homoni hutengenezwa viwandani pia, ila kipimo ndicho huamua faida au hasara. 2,4-D, auksini iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1940, huua magugu kwa kuvuruga ukuaji wake. Ikipeperushwa na upepo kutoka shamba la miwa au mahindi, huweza kupinda majani ya mpapai ulio jirani.

Kwa mkulima, msaada wa hakika ni kuupunguzia mti taabu yenyewe: matandazo yasiyogusa shina wakati wa kiangazi, mboji ya kuhifadhi unyevu, na mifereji ya kutoa maji kabla mvua za Machi hazijaanza.