Efedrini: kipimo nafuu, lakini si ushahidi

MFANYABIASHARA wa dawa mkoani Mbeya anayeagiza vidonge vya mafua vyenye efedrini anashika bidhaa yenye sura mbili. Kwa mgonjwa ni dawa ya kuzibua pua. Kwa mhalifu ni malighafi ya methamfetamini. Ndiyo maana imo katika Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988, na hapa nchini inadhibitiwa kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015.

Kikemia, vitu hivyo viwili vinatofautiana kwa atomu 1 tu ya oksijeni. Kisheria tofauti ni kubwa. Julai 2013 Watanzania wawili walikamatwa uwanja wa ndege wa OR Tambo, Johannesburg, na mzigo uliotangazwa kuwa ni methamfetamini. Uchunguzi ulionyesha ni efedrini. Mmoja aliachiwa na mwingine akatozwa faini.

Kwa upande wa vipimo, chombo kinachovutia kwa unafuu ni elektrodi teule ya ioni. Mwaka 1970 Moody, Oke na Thomas wa Cardiff, Uingereza, walionyesha kuwa utando wake unaweza kutengenezwa kwa PVC, plastiki ile ile ya mabomba. Kwa kupima efedrini, utando huchanganywa na kilainishi na chumvi ya efedrini yenyewe. Ukitumbukizwa katika maji yaliyoyeyushiwa kidonge, huzalisha umeme mdogo unaosomwa kwa mita ya pH. Efedrini ikiongezeka mara 10, kipimo hupanda kwa milivolti zipatazo 59 katika nyuzi 25 za Selsiasi.

Hivyo maabara ndogo inaweza kukagua kama kidonge kina miligramu zilizoandikwa kwenye boksi, bila mtambo ghali wa kromatografia.

Hata hivyo, elektrodi hiyo ni mizani, si shahidi. Methamfetamini na sudoefedrini nazo zina chaji chanya na zinaweza kuisukuma mita vile vile. Mzigo unaotiliwa shaka, hata ukitokea mpakani Tunduma, jibu lake hutolewa na Mkemia Mkuu wa Serikali, mwenye ofisi ya kanda jijini Mbeya.

Mwekezaji anayefikiria kununua chombo hiki auze huduma ya kupima ubora wa dawa inayojulikana. Akiahidi kutambua unga asioujua, atajiingiza kwenye hasara, na pengine mahakamani.