Njeo na Unyambulishi: Vitenzi vya Kiingereza kwa Mzungumzaji wa Runyambo na Kiswahili

Mwanafunzi wa Karagwe au Kyerwa anayeingia kidato cha kwanza kwa kawaida huwa tayari anamiliki mifumo miwili ya vitenzi. Wa kwanza ni wa Runyambo, lugha ya nyumbani kwa wakazi wengi wa wilaya hizo, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012. Wa pili ni wa Kiswahili, lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Sekondari hutakiwa kujibu maswali ya historia na baiolojia kwa Kiingereza, na umbo la kitenzi lililokosewa laweza kuficha maarifa aliyo nayo. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba makosa hayo mengi yana utaratibu, nao hubainika mifumo yote mitatu inapolinganishwa.

Suala la kwanza ni njeo. Runyambo, ambayo J. M. Rugemalira aliichapishia sarufi mwaka 2005, hugawa wakati uliopita kwa kadiri ya umbali wake. Kwa kitenzi -gura, yaani 'nunua', tuguzire ni tendo la jana, ilhali tukagura ni la zamani zaidi. Kiswahili huyakusanya yote katika -li-: tulinunua. Kiambishi -ka- cha Kiswahili hakipimi umbali, bali huonyesha tendo linalofuata jingine: tulikwenda sokoni tukanunua ndizi. Kiingereza nacho kina kigezo chake. "I bought" hukubali "yesterday", kwa kuwa jana ni kipindi kilichofungwa. "I have bought" hulikataa, kwa kuwa huliunganisha tendo na sasa. Mwalimu anapoieleza "I have bought" kuwa ni wakati uliopita wa karibu tu, humwelekeza mwanafunzi kwenye kosa. Katika Runyambo jana imetengwa na zamani. Kwa nini basi isihesabiwe kuwa karibu?

Suala la pili ni vitenzi vinavyofanana. Katika Kiswahili, lala huzaa laza, na anguka huzaa angusha. Usababishi huonekana mwishoni mwa shina, nayo njeo hukaa mwanzoni: alilala, alilaza, alianguka, aliangusha. Kiingereza kina jozi hizohizo: "lie" na "lay", "fall" na "fell". Zamani lugha mame ya jamii ya Kijerumani ilikuwa na kiambishi tamati cha usababishi. Kilipotoweka kiliacha nyuma badiliko la irabu. Njeo iliyopita ya vitenzi hivi nayo hujengwa kwa kubadili irabu. Hivyo "lay" ni 'laza' na pia ni 'lililala', na "fell" ni 'angusha mti' na pia ni 'alianguka'. Alama mbili ambazo Kiswahili huziweka mbalimbali zimegongana katika irabu moja.

Kinyume chake pia hutokea. Kiswahili humtumia azima anayetoa na anayepokea. Kiingereza huwatenga kwa "lend" na "borrow".

Kukariri orodha ya vitenzi, kwa hiyo, hakutoshi. Kwa "lay" na "fell" mwanafunzi aulizwe kwanza kama kitenzi kina yambwa. Kwa njeo, aulizwe kama kipindi kinachotajwa kimefungwa. Maswali hayo anaweza kuyajibu kwa Kiswahili au kwa Runyambo kabla ya kuandika sentensi ya Kiingereza, na lugha alizokuja nazo zitakuwa nyenzo ya kujifunzia.