Diski Mpya Imegoma Kupigwa Windows? Soma Hii Kabla Hujafuta Chochote

Ukipita kwenye steshenari za Masasi au ofisi ndogo ndogo za Newala, hutakosa kukuta kompyuta ya mtumba ambayo bado ni nzima, ila ukiiwasha unaweza kwenda kunywa chai ukarudi ikiwa bado inafunguka. Mara nyingi mwenye makosa ni diski yake ya zamani, ile yenye sahani zinazozunguka ndani. Dawa inajulikana: unaongeza diski mpya ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, kisha unapiga Windows upya juu yake. Na tangu Microsoft iliposimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, sababu za kufanya kazi hii zimeongezeka.

Kwa kusikia tu, ni kazi ya nusu saa. Kiukweli hapa ndipo watu wengi hukwama. Diski haionekani kabisa, au inaonekana lakini Windows inakataa kuingia, au inaingia vizuri halafu kompyuta haiwaki. Mtu akishachanganyikiwa, anaanza kufuta kila anachokiona kwenye skrini.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila wa kawaida kabisa. Ni Oktoba, msimu wa korosho umefunguka, na karani wa chama cha msingi huko Newala anataka kompyuta yake iwe nyepesi. Diski ya zamani ina orodha ya wakulima: majina, kilo, daraja la korosho, namba za akaunti za benki. Kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/2008, mkulima halipwi palepale anapopima mzigo. Korosho zinaenda ghala kuu, zinauzwa mnadani, na pesa inafika benki baadaye. Katikati ya mzani na benki kuna kumbukumbu, basi. SSD ikiharibika utanunua nyingine, lakini orodha ya wakulima haiuzwi dukani.

Kwa hiyo makala hii ina lengo moja: kukuonyesha namna ya kujua tatizo liko wapi bila kuigusa diski ya zamani.

Watatu lazima wakubaliane

Kupiga mfumo endeshi kwenye diski mpya ni makubaliano ya pande tatu. Wa kwanza ni programu ndogo iliyo ndani ya ubao mama, inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye mashine za zamani inaitwa BIOS, kwenye mpya inaitwa UEFI. Wa pili ni diski yenyewe. Wa tatu ni fleshi yenye Windows unayotaka kuipiga. Ujumbe wa kosa unaouona kwenye skrini kwa kawaida unakueleza nani hajaelewana na nani. Ukiusoma hivyo, hutahitaji kubahatisha.

Hatua ya kwanza haihusu diski mpya. Nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha ichomoe diski ya zamani na uiweke pembeni. Usiizime tu kwenye mipangilio, itoe kabisa. Diski isiyokuwepo haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya, na umeme ukikatika katikati ya kazi, kitakachoharibika ni nakala ya Windows ambayo haijakamilika, basi. Utaanza upya. Baadaye utaona kuwa kuchomoa kuna faida nyingine kubwa zaidi.

Kwanza: je, ubao mama unaiona diski?

Usianze na Windows. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS au UEFI (Dell nyingi ni kitufe cha F2, HP ni F10) uangalie kama jina la diski mpya lipo. Kama halipo, hakuna programu yoyote itakayosaidia. Tatizo ni la mkono.

Diski za SATA zinahitaji waya mbili: mmoja wa data, mwingine wa umeme. Jaribu waya mwingine, jaribu tundu lingine. Kama SSD yako ni ile ndogo nyembamba kama kipande cha pipi ya chingamu, iitwayo M.2, kuwa makini zaidi. Ziko za aina mbili zinazofanana sana: zinazozungumza lugha ya SATA na zinazozungumza lugha ya NVMe. Kwa kawaida ya SATA ina mikato miwili kwenye meno yake, na ya NVMe ina mmoja. Tundu linaweza kuipokea vizuri kabisa kwa umbo lakini lisiielewe. Kabla hujamtuma mtu akununulie Masasi au Dar es Salaam, tafuta modeli ya ubao mama ujue tundu lako linasoma ipi. Nauli ya kurudisha diski inauma.

Pili: ubao mama unaiona, Windows haiioni

Umefika kwenye ukurasa wa kuchagua pa kusakinisha, na orodha ni tupu. Hapa fleshi haina draiva ya kuzungumza na diski. Inatokea sana kwenye laptopu za Intel kuanzia kizazi cha 11, ambazo zina kitu kinaitwa VMD kinachokaa katikati ya diski na mfumo. Pakua draiva ya Intel RST kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako, ifungue, iweke kwenye fleshi, kisha bofya sehemu ya kupakia draiva kwenye ukurasa uleule. Diski itajitokeza.

Wapo wanaozima VMD moja kwa moja kwenye mipangilio. Inafanya kazi, ila kama kuna Windows ya zamani iliyozoea mpangilio ule, inaweza kugoma kuwaka.

Tatu: inaionyesha, lakini inakataa

Huu ndio ugomvi maarufu kuliko yote. Diski iko pale, ukiibofya unaambiwa Windows haiwezi kusakinishwa hapo kwa sababu diski ina jedwali la MBR, na mfumo unataka GPT. Ama kinyume chake.

Maana yake ni nini? Diski ni kama shamba kubwa la mikorosho. Kabla ya kugawa vipande unahitaji daftari linaloonyesha kipande kipi kinaanzia wapi na kinaishia wapi. MBR ni daftari la zamani, lililokuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983. Lote linakaa kwenye sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu. Ndani yake kuna nafasi ya vipande vikuu vinne, na kila kipande kinaelezwa kwa namba za biti 32. Namba hizo zinaweza kuhesabu sekta 4,294,967,296 na si zaidi. Zidisha kwa baiti 512, unapata kama terabaiti 2.2. Diski ikizidi hapo, MBR haiwezi kuifikia sehemu iliyobaki.

GPT ni daftari jipya lililokuja pamoja na UEFI. Linatumia namba za biti 64, linaruhusu vipande 128 kwenye Windows, na lina nakala yake ya pili mwishoni mwa diski, ili mwanzo ukiharibika daftari lisipotee lote.

Sasa, kanuni ya Windows ni hii: ukiwasha fleshi kwa njia ya UEFI, inataka GPT. Ukiiwasha kwa njia ya zamani ya BIOS, inataka MBR. Diski mpya kabisa kutoka kwenye boksi huwa haina daftari lolote, na Windows inaliandika yenyewe bila maneno. Ndiyo maana ugomvi huu hutokea zaidi kwenye diski iliyowahi kutumika, au ambayo mtu aliiandaa kwanza kwenye kompyuta nyingine.

Suluhisho la kwanza halifuti kitu. Zima, washa tena, fungua menyu ya kuchagua cha kuwasha (F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP). Mara nyingi fleshi moja inaonekana mara mbili: mstari mmoja una neno UEFI, mwingine hauna. Kama diski ni GPT, chagua wenye UEFI. Wakati mwingine tatizo linaishia hapo.

Suluhisho la pili linafuta kila kitu kwenye diski husika, kwa hiyo ni la diski isiyo na kitu unachokihitaji. Kwenye ukurasa wa kusakinisha bonyeza Shift na F10 pamoja, dirisha jeusi litafunguka. Andika amri hizi moja moja:

diskpart
list disk
select disk 0
clean
convert gpt

Ile 0 kwenye mstari wa tatu usiinakili kwa kukariri. Weka namba ya diski uliyoiona kwenye orodha, maana hakuna sheria kwamba 0 ni ya zamani na 1 ni mpya. Tambua diski kwa ukubwa wake, na hapa usishtuke: SSD iliyoandikwa GB 240 itaonekana kama 223, na ya 500 kama 465. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu 1,073,741,824. Kama umefuata ushauri wa kuchomoa diski ya zamani, utakayoiona hapo ni mpya na fleshi yako, na hofu inakwisha.

Je, kama Windows ya zamani iko kwenye MBR na hutaki kuipoteza? Kuanzia Windows 10 toleo 1703 kuna chombo kinaitwa mbr2gpt, kinachobadilisha daftari bila kufuta mafaili. Anza na chaguo lake la /validate, linalokagua tu bila kubadilisha kitu. Na nakala rudufu iwepo kwanza, hata hivyo.

Nne: imeingia vizuri, halafu haiwaki

Faida ya pili ya kuchomoa ndiyo hii. Windows inapokuta diski ya zamani yenye kipande cha kuwashia, hutumia kipande hichohicho badala ya kutengeneza kingine kwenye diski mpya. Yaani nyumba umejenga kiwanja kipya, ufunguo umeuacha nyumba ya zamani. Kila kitu kinaenda sawa kwa wiki mbili, mpaka siku unaitoa diski ya zamani na kompyuta inakuambia haioni mfumo wowote. Mteja anapiga simu: "Fundi, mashine imekufa!" Haijafa. Irudishe diski ya zamani, itawaka. Lakini ukisakinisha diski mpya ikiwa peke yake, ufunguo unakaa nyumba yake, na diski ya zamani unairudisha baadaye kama ghala la mafaili.

Sababu nyingine ni betri ndogo ya ubao mama, ile ya duara iitwayo CR2032, ya volti 3. Kwenye kompyuta nyingi za zamani ndiyo inayotunza mipangilio mashine ikiwa haina umeme. Ikichoka, kila umeme ukikatika mipangilio inarudi ya kiwandani; kama ya kiwandani ni njia ya zamani ya BIOS, diski yako ya GPT haiwaki tena. Dalili yake ni saa: ukiona kompyuta inakuambia uko miaka mingi nyuma, badili betri kabla hujapiga Windows mara ya tatu bure.

Na kama tayari umefuta isiyo yenyewe?

Simama hapo hapo. Usisakinishe, usifomati, usiandike chochote. Amri ya clean peke yake inafuta daftari na kuacha mafaili palepale yalipo (clean all ndiyo inayofuta yote kwa sifuri). Chomoa diski, iunganishe kwenye kompyuta nyingine, na tumia programu ya bure ya TestDisk kutafuta mipaka ya vipande vya zamani. Kwenye SSD haraka ni muhimu zaidi, kwa sababu ukishafomati, amri iitwayo TRIM inaweza kuiambia diski isafishe sehemu hizo moja kwa moja.

Kwa ufupi, fuata mpangilio huu kila mara: nakili, chomoa ya zamani, hakikisha ubao mama unaiona mpya, pakia draiva ikibidi, linganisha njia ya kuwasha na daftari la diski, kisha sakinisha. Ukikwama, angalia uko hatua ipi kabla ya kubofya. Na kitufe cha kufuta kiguse pale tu unapoweza kutaja, kwa ukubwa na kwa jina, diski iliyo mbele yako.