Swichi Inayokijibu Kidole

Chini ya vitufe vya kibodi nyingi za ofisini kuna vikombe vidogo vya mpira. Herufi haitokei mpaka kikombe kibonyee karibu hadi chini, kwa hiyo anayechapa huzoea kugandamiza kila herufi kwa nguvu, kutwa nzima. Kibodi ya kimakanika ni tofauti: kila kitufe kina swichi yake yenye springi, na herufi hutokea kabla kitufe hakijagota chini. Swali ni moja: kidole kitajuaje kwamba imetosha?

Swichi mashuhuri zaidi ni MX za kampuni ya Cherry, zilizoanza miaka ya 1980, na hutambulika kwa rangi. Nyekundu hushuka laini bila kizuizi. Herufi hutokea kwenye milimita 2 kati ya 4, kwa mgandamizo wa takriban gramu 46. Wacheza gemu huipenda kwa wepesi wake, lakini haimwambii mchapaji lini aachie. Kahawia ina kinundu kidogo njiani, ambacho kidole hukihisi bila sikio kusikia mlio. Buluu huongeza mlio: ndani yake kipande cha plastiki huchomoka na kugonga, tik, karibu na pale herufi inapotokea.

Hata hivyo, mlio wa buluu unatoka kwenye kipande kilichowekwa makusudi kilie. Kwenye kibodi ya IBM Model M, iliyotoka mwaka 1985, springi yenyewe hupinda ghafla na kugonga ukuta wake, na kupinda huko huko ndiko kunakoandika herufi. Sauti, mguso na herufi ni tukio moja. Kwangu mimi, hakuna kibodi inayomjibu mwandishi kwa uaminifu kuliko hiyo.

Tatizo ni jirani. Mlio unaomsaidia anayechapa humkera aliyeketi kando yake. Kwenye chumba cha watu wengi, kahawia ndiyo chaguo la busara. Anayeandika peke yake na achukue buluu bila kusita.

Kabla ya kununua, usibonyeze kitufe kimoja tu dukani, kwani sauti hutegemea pia kasha la kibodi na meza iliyokalia. Chapa aya nzima. Vidole vikiacha vyenyewe kugota chini, umeipata swichi yako.