Nundu ya ngombe ilitoka wapi? Mifupa ya zamani inajibu

Mwaka 2019, watafiti walichapisha matokeo ya ADN ya ngombe 67 wa zamani, iliyotolewa katika mifupa kutoka Mashariki ya Kati. ADN ni alama yenye kila mnyama anarithi kwa wazazi, na ndani ya mfupa inaweza kudumu maelfu ya miaka.

Waliona nini? Miaka kama 4000 iliyopita, damu ya ngombe wa nundu kutoka bonde la Indus iliingia kwa haraka. Lakini ADN ya upande wa mama haikubadilika. Njo kusema wafugaji walipandisha majike yao kwa madume ya nundu, pengine juu ya ukame mrefu.

Hata ngombe wa nundu wa Afrika wanabeba ukoo wa mama wasio na nundu. Mfugaji, chagua dume kwa akili.