Kukosa alama si kupata sufuri

Tukisema mwanafunzi "hana alama", je, alianguka au hakufanya mtihani? Mwalimu anajua, kompyuta haijui ng'o. Majuzi niliandika programu ya Python inayosoma faili la alama, mstari baada ya mstari. Kila mstari huzaa kitu: mwanafunzi mwenye jina, alama na uwezo wa kujikokotolea wastani. Kiolezo cha vitu hivyo nakiita ngeli, maana "darasa" hapa lingemchanganya mwalimu. Basi mmoja alipata 60 na 70, Kemia hakuifanya. Programu ikajaza pengo kwa sufuri, wastani ukashuka kutoka 65 hadi 43.3. Maskini! Sasa pengo husomwa "hakufanya", na kigawanyo ni idadi ya mitihani aliyoifanya tu.